Dawa ya Kware

Shangazi yangu anafuga kware wapatao mia mbili nyuma ya nyumba yake huko Rebero, kwenye mlima ulio kusini mwa Kigali, ambako jioni unaziona taa za mji zikiwa chini yako. Ada yangu ya chuo hutokana na mayai ya ndege hao. Wenzangu wengi wameandika juu ya riwaya na ushairi. Mimi naomba niandike juu ya chakula cha kware.

Sisi kwa Kinyarwanda tunamwita inkware, na jina hilo ni la yule wa porini pia. Wa shangazi ni kware wa Kijapani. Yai lake lina gramu kumi hivi, huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu. Kifaranga anazaliwa akiwa mdogo kama kidole gumba, kisha anakua kwa haraka ya ajabu. Haraka hiyo inataka protini: katika wiki za kwanza chakula chake kinapaswa kuwa na asilimia 24 hivi, zaidi ya kile cha vifaranga wa kuku wa mayai. Lakini chakula kinachopatikana kwa urahisi madukani ni cha kuku. Pengo hilo ndilo linalojazwa na wauzaji wa unga wa majani.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alimletea shangazi pakiti iliyoandikwa kwa Kiswahili: dawa ya asili ya kukuza na kukinga kware. Ndani mlikuwa na mlonge, kitunguu saumu na manjano. Shangazi hasomi Kiswahili, akanipa nimtafsirie. Kazi ilikuwa rahisi mno, na urahisi wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Dawa kwa Kinyarwanda ni umuti, na maneno yote mawili ni mapana. Mswahili ana dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu, wala hakuna anayedhani kwamba kiatu kitapona. Ila shangazi alikuwa amezika vifaranga wiki hiyo. Ningemwambia umuti, angesikia uponyaji. Nikamwambia, "Shangazi, haya ni majani ya kuongezea kwenye chakula."

"Kwa hiyo hayaponyi?"

"Hayo hawakuandika."

Akanunua hata hivyo, pakiti moja. Lakini shangazi ni mtu wa mizani. Aliwatenga vifaranga katika vizimba viwili, kimoja akakiwekea unga ule kidogo kwenye chakula, kingine akakiacha, akawa anawapima kila Jumamosi kwa mizani ya jikoni. Sikuona tofauti ya maana katika uzito. Walipoanza kutaga, viini vya mayai vya kizimba cha majani vilikuwa na rangi ya manjano iliyokolea, jambo lisilo la ajabu, kwa sababu rangi hiyo hutoka kwenye majani mabichi ya aina yoyote. Simaanishi kwamba mlonge hauna kitu. Majani yake makavu yana protini nyingi, karibu robo ya uzito wake. Ila yana nyuzinyuzi pia, na kware ana tumbo dogo. Ukizidisha, unamshibisha kwa kitu asichoweza kukimeng'enya.

Tofauti ilikuja alipoongeza soya iliyokaangwa na unga wa isambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. (Samaki hao si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo chetu cha taifa, au karibu.) Soya lazima ikaangwe au ichemshwe, maana mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Dagaa nao wachekechwe, kwani hununuliwa na mchanga wao. Mahindi yenye ukungu akaacha kabisa kuyanunua hata yakiuzwa nusu bei. Sumukuvu nayo ni kitu cha asili, tena huua vifaranga bila kelele. Na upepo wa usiku wa Rebero aliuziba kwa magunia, akaongeza jiko la mkaa kwa tahadhari ya moshi. Vifo vikapungua sana. Katika haya yote hakuna hata kimoja kinachouzwa kwenye pakiti yenye picha ya ndege.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna upande wa pili. Wateja wengi wa shangazi hawanunui yai la kware kwa sababu ya ladha. Wanaambiwa linatibu pumu, presha na kisukari. Kenya ilipita njia hii: mnamo 2013 watu walikimbilia leseni za Shirika la Wanyamapori, kwa kuwa kware alihesabiwa mnyamapori, na mayai yakauzwa kama tiba ya kila kitu. Mwaka uliofuata soko likaanguka, na wengi wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasio na mnunuzi.

Mwezi uliopita shangazi aliniomba nimwandikie bango la kuweka barabarani, kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Alitaka neno umuti liwe juu, kwa herufi kubwa. Nikamkumbusha ile pakiti. Akacheka, kisha akaniuliza kama najua ada ya muhula ujao ni kiasi gani. Najua.

Nimeandika: mayai mabichi ya kware, ya leo, wanaokula nafaka na dagaa. Juu yake nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Bango bado liko sebuleni, limeegemea ukuta, na kila mmoja wetu anamngoja mwenzake aseme.