Ziko Aje

Pesa za miezi mitano ya kuandika ziko kwa simu, na nimebaki kuchagua kati ya katriji mbili za gramafoni. Denon DL-103, iliyoundwa Japani kwa ajili ya redio ya NHK, ni nafuu, ila ncha yake ni ya mviringo: itapita palepale sindano ya zamani ilipokwangua. Ortofon 2M Black ina ncha ya Shibata, nyembamba, inayogusa kuta za mfereji mahali pengine, labda bado pazima.

Baba hajawahi kuniuliza kwa nini niliacha chuo. Huuliza tu santuri zake za benga ziko aje. Ni mimi niliyeziharibu, mwaka huohuo, nikizicheza usiku kucha na sindano iliyolika.

Nimelipia Black. Bei sijamwambia, wala hilo lingine.