Baiskeli na Vilima vya Ukambani

Kwa miaka mingi baiskeli ya Ukambani ilikuwa chombo cha mzigo, na nadhani hiyo ndiyo sababu hatukutambua mapema kwamba Kitui na Makueni ni miongoni mwa sehemu bora za Kenya za kusafiri mbali kwa baiskeli, polepole, kijiji baada ya kijiji. Anayekumbuka miaka ya 1980 na 1990 anaikumbuka Black Mamba: fremu nzito nyeusi, breki za vyuma virefu mahali pa waya, karia pana iliyoimarishwa na fundi wa kuchomelea, na juu yake mitungi minne ya lita 20 iliyofungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Maji peke yake yalikuwa kilo 80. Mlima ulipoanza, mwenye baiskeli alishuka akasukuma. Mteremko ulipokuja alishuka tena, kwa kuwa breki zile hazikuweza kuuzuia mzigo ule. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama mandhari. Katika hali hiyo likaota mizizi wazo ambalo hadi leo linarudiwa na watu wenye akili zao, kwamba nchi ya vilima haifai baiskeli. Mimi nalipinga, na ushahidi wa kulipinga unaanzia mbali kidogo na Ukambani.

Baiskeli nyingi za aina ile zilitokana na mtindo uliosambazwa duniani na viwanda vya Uingereza, Raleigh ya Nottingham kikiwa kimojawapo, kabla ya viwanda vya India kuuchukua na kuuendeleza. Karibu na Nottingham kuna milima ya Derbyshire, yenye vijia vyembamba vinavyopanda na kushuka bila kupumzika, na huko safari za baiskeli zimekuwa desturi tangu karne ya 19. Chama cha wasafiri wa baiskeli cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1878. Waingereza hawakusema milima yao haifai. Walitafuta gia. Gia tatu za Sturmey-Archer, zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zilianza kutengenezwa Nottingham hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Lakini baiskeli iliyomfikia mkulima wa Mbooni au Mutomo, tena miongo mingi baadaye, ilikuwa na gia moja tu, iliyofaa tambarare. Kwa hiyo mtu alipokokota baiskeli kupanda Kilungu, alikuwa anakabiliana na chombo kilichonyimwa sehemu yake muhimu, kisha lawama ikatupiwa mlima.

Na milima yenyewe ilikwisha kupimwa na wasafiri zamani sana. Wakamba walikuwa wasafiri wa masafa kabla ya reli na kabla ya serikali ya mkoloni. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilitoka Kitui hadi pwani, na mmoja wa wafanyabiashara wakuu wa wakati huo, Kivui Mwenda, ndiye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona Mlima Kenya. Njia za watu waliobeba mizigo kichwani na mabegani hazichaguliwi ovyo: hufuata maji na kivuli, na hupita penye watu wa kuuza chakula. Msafiri wa baiskeli anahitaji hayo hayo. Wapo watakaosema njia za miguu hupanda wima, baiskeli isiweze. Ni kweli kwa baadhi yake. Ila juu ya njia hizo ziliongezwa barabara za vumbi zinazouzunguka mlima, na pembeni yake matuta ya fanya juu yaliyobadilisha sura ya nchi nzima. Mwaka 1994 Mary Tiffen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, iliongezeka watu zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Kwa msafiri maana yake ni hii: mteremko ulioelezwa na maafisa wa wakati ule kuwa jangwa linalokaribia, leo una mashamba, miembe, maduka na watu karibu kila upitapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na pikipiki. Mwaka 2008 hivi serikali iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, bei ikashuka, na katika miaka michache tu abiria, maji, saruji na magunia ya ndengu yakahamia kwenye injini. Wengi walihuzunika wakaona baiskeli imekufa. Mimi naona imetuliwa mzigo. Mtoto anayeendesha baiskeli mjini Wote leo hana picha ya mitungi minne akilini, na kijana wa Kitui anayenunua baiskeli ya mtumba yenye gia 18 anaweza kuipenda kwa ajili ya safari yenyewe. Kisha ikaja lami. Barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, ambayo zamani ilikuwa vumbi na mashimo, sasa ni laini na imeifungua kusini ya Kitui kwa kila aina ya gari. Wengi wangefikiri hapo ndipo pa kupeleka wasafiri wa baiskeli. Sikubali. Lami ile inajengewa matumaini ya kubeba malori kati ya Mombasa na kaskazini ya nchi, na dereva wa lori lenye haraka hamwoni mtu aliye kwenye ukingo. Barabara kuu ya Mombasa imetufundisha hilo kwa damu. Lami itumike kwa vipande vifupi vya kuunganisha. Safari yenyewe iwe kwenye migongo ya vilima.

Kuna pingamizi zito kuliko la malori. Inakuwaje tuzungumzie kutembea kwa raha mahali ambapo familia bado inasubiri mvua ya Novemba kwa wasiwasi, na mama bado anachimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka? Swali hili linastahili jibu la dhati. Msafiri wa baiskeli hununua kidogo kidogo na mara nyingi: chai na chapati hapa, maembe pale, kitanda cha usiku kwenye lojing'i ya sokoni. Gari la watalii kutoka Nairobi kwenda Tsavo hupita Emali na Makindu bila kuacha kitu ila kwenye kituo cha mafuta. Uingereza, njia ya baiskeli ya kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, yenye kilomita zipatazo 225, ilifunguliwa mwaka 1994 ikipita maeneo yaliyokuwa yamepoteza migodi na viwanda, na nyumba za wageni za vijiji vyake zimenufaika hadi leo. Kuhusu maji, nakiri kwamba mgeni asiye na busara anaweza kuwa mzigo wakati wa kiangazi. Basi asije Septemba na Oktoba. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na mawingu, jua halichomi. Januari na Februari maembe yameiva na mvua za vuli zimeacha majani.

Ningeianza njia Makindu, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hekalu la Masingasinga lililojengwa pale mwaka 1926 linampokea msafiri wa dini yoyote kwa chakula na malazi. Kutoka hapo kuelekea Wote mlima Nzaui unaonekana mapema na unamwongoza mtu. Baada ya Wote kazi inaanza kweli, kupanda Mbooni hadi karibu mita 1,900, hewa ikipoa na mikaratusi ikichukua nafasi ya migunga. Halafu kushuka hadi mto Athi, kuuvuka, na kuupanda ukingo wa Yatta, uwanda wa lava ulionyooka karibu kilomita 300, ambao juu yake ni tambarare kiasi cha kumpumzisha mpandaji kabla ya mabonde ya Kitui. Ni siku nne au tano kwa mtu asiyeshindana. Serikali za kaunti zote mbili zinaweza kuweka vibao vya njia kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na kilomita moja ya lami. Jambo gumu zaidi ni mafundi: wengi walioziba pancha za Black Mamba sokoni wamehamia pikipiki, na vipuri vya gia ni shida kuvipata nje ya miji mikubwa. Mpaka warudi, msafiri abebe tyubu mbili, cheni ya akiba na waya wa breki.