Walituita Wezi

Mwaka 2003 nilikuwa nafundisha kompyuta katika chumba kimoja karibu na steji ya mabasi ya Voi. Mashine zilikuwa kuukuu, na programu zote zilitoka kwenye sidii za kuchomwa, zilizoandikwa majina kwa kalamu nene. Wanafunzi walikuwa vijana wa Mwatate, Sagalla na mashamba ya mkonge. Wengi hawakujua kuna sidii ya namna nyingine. Duka la kuuza programu halali sikuliona pale mjini, na huko Mombasa bei yake ilishinda mshahara wangu wa mwezi.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilianza kutumika Februari mwaka huo, na maneno yakaanza redioni, magazetini na kwenye semina. Hoja nyingi nimezisahau. Ile sauti sijaisahau. Wezi. Maharamia. Faini ya hadi shilingi 400,000, kifungo cha hadi miaka 10. Katika semina moja Mombasa, mgeni alieleza kwa kirefu hasara za kampuni za ng'ambo, kisha akatunyooshea kidole. Mama mmoja mwenye duka la kupiga chapa Wundanyi akainuka: "Mwanangu, nionyeshe basi pa kununua, na bei niiweze." Hakujibiwa.

Mwaka uliofuata, huko nje likatoka tangazo la filamu lililofananisha kunakili na kuiba gari. Ukali uleule.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mfano wa kutugusa ulikuwa nyumbani. Fadhili William Mdawida, mtoto wa Taita, alirekodi wimbo wa "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Miriam Makeba akauimba, Boney M nao wakauimba, dunia nzima ikaujua. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo peke yake ungetosha kuwaeleza watu kwa nini kazi iandikishwe kwa jina la mwenyewe. Fadhili alifariki Februari 2001, mwaka uleule wa sheria. Katika kampeni zote nilizosikia, hakuna aliyemtaja.

Nilimtaja mimi darasani. Kijana mmoja aliyekuwa akichoma na kuuza nyimbo za kwaya aliniuliza, "Mwalimu, kwani hata kwaya ya kwetu ina haki?" Jumapili hiyo alikwenda kuzungumza na mwalimu wa kwaya, wakapatana mgao. Hakutishwa na mtu.

Kwa upande wa programu, baadaye tuliagiza sidii za Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta, ambazo watengenezaji wenyewe walizituma bure kwa posta na kuruhusu zinakiliwe. Tulizigawa waziwazi, bila kujificha.

Enyi mnaoandika matangazo ya hakimiliki leo, mtajeni mtunzi kwanza, kwa jina na kwao. Kisha mwambieni mwananchi wa Voi au Taveta anunue wapi, na kwa bei gani.