Ukuta wa Sebule, Idodi

Atokaye Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha huweza kupita Idodi, na vumbi jekundu la njia hiyo humfuata hata sebuleni. Huko tulimkuta mwenyeji wetu, aliyeoa karibuni, amekwisha nunua kopo la rangi ya buluu iliyokolea. Mkewe alinyamaza. Sebuleni mlikuwa na makochi ya kahawia na vikapu vya milulu, alivyovisuka marehemu mama yake bibi huyo.

Tulimsihi bwana apake kipande kidogo kwanza. Mchana kilipendeza, usiku, taa ilipowashwa, kikawa kama cheusi, na makochi yakafifia kando yake. Basi tukakiegemeza kikapu ukutani, tukaichagua rangi kutoka milulu yenyewe: manjano hafifu, kama majani makavu. Hiyo huongeza mwanga, wala haionyeshi vumbi upesi kama chokaa nyeupe. Chini, kimo cha magoti, ikapakwa kahawia, kwa kuwa watoto wakija hawataacha kugusa.

Kopo la buluu halikurudishika dukani. Likapata kazi kwenye milango. Vikapu, bibi alivitundika kwa mkono wake.