GB Nne Zilizoshindwa na GB Mbili

Mwaka 2014 na 2015, mteja aliyekuja Kariakoo kutafuta kadi ya grafiki alikuwa na swali moja tu: "Fundi, ina GB ngapi?" Alikuwa amelizoea kwenye simu na flashi, ambako GB nyingi kweli zilikuwa mali. Wauzaji nao walilijua. Kwenye boksi, 4GB iliandikwa kubwa kuliko jina la kadi yenyewe, na bei ikafuata tarakimu ile. Nilikuwa bado najifunza ufundi, na kadi mbili za wakati huo ndizo zilizonifundisha kazi hii kuliko mtu yeyote. Zote zilikuwa za NVIDIA, zote zimetoka mwaka 2014: GeForce GT 730 ya GB 4 na GeForce GTX 750 Ti ya GB 2.

Kwa aliyetazama boksi tu, mshindi alijulikana. Lakini GT 730 iliyokuwa ikipita mikononi mwetu ilitumia memori ya DDR3, aina ileile ya RAM ya kawaida ya kompyuta, kwenye njia ya biti 64. Kasi yake ilikuwa GB 14.4 kwa sekunde. Ile 750 Ti ilikuwa na GDDR5 kwenye njia ya biti 128, na kasi yake GB 86.4 kwa sekunde. Mara sita! GT 730 ilikuwa mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba: maji yamo tele, lakini anayekunywa anasubiri tone.

Fanya hesabu uone. Gemu ikienda vizuri huchora fremu 60 kwa sekunde. Gawa GB 14.4 kwa 60, utapata kama MB 240 kwa kila fremu. Kadi ina GB 4, lakini ndani ya fremu moja inaweza kupitisha MB 240 tu. Hizo nyingine zinakaa bure. Kadi ya GB 2, kwa hesabu hiyohiyo, inapitisha karibu GB 1.4 kwa fremu, kwa hiyo sehemu kubwa ya memori yake inafanya kazi. Ongeza na viini vya kuchakata, 384 kwa 640, na huhitaji tena kuuliza kwa nini GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ilichezeka vizuri kwenye moja na kukwamakwama kwenye nyingine.

Jina lenyewe nalo halikusaidia. GT 730 ilikuwa kadi tatu ndani ya jina moja. Moja ilikuwa na viini 96 vya kizazi cha zamani na njia ya biti 128, ya pili viini 384 na DDR3, ya tatu viini 384 na GDDR5. Ndiyo maana programu ndogo ya GPU-Z ikawa ndani ya flashi yangu kila siku. Unaifungua, inakuonyesha aina ya memori, upana wa njia na idadi ya viini. Hata leo siwezi kununua kadi iliyotumika bila kuiona ndani ya GPU-Z kwanza.

Kwetu kulikuwa na kipimo kingine chenye uzito mkubwa: wati. Kompyuta nyingi tulizofanyia kazi zilikuwa za ofisini, zimetumika huko nje zikaletwa na makontena, na pawasaplai zake zilikuwa ndogo, bila kebo ya ziada ya kadi. GTX 750 Ti ilikula wati 60 na kupata umeme wote kwenye sloti. Ilitosha pale ambapo kadi kubwa zaidi isingewaka kabisa. Naamini kadi hiyo ilifanya mengi kwa vijana wa Dar es Salaam kuliko kadi yoyote ya bei mbaya. Wapigaji wa video za harusi na send-off waliokuwa wakiediti kwenye Premiere walipata mashine ya kazi kwa kuongeza kipande kimoja tu.

Baadaye wateja walihama kutoka GB kwenda kwenye viini, na hapo pia palikuwa na mtego. Radeon RX 580 ya AMD ina viini 2304, GTX 1060 ya GB 6 ina 1280. Ukisoma hivyo utadhani moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine, kumbe kwenye gemu nyingi za wakati wao zilikwenda karibu sawa. Kiini cha kampuni moja si kiini cha nyingine. Lakini wati zilitofautiana sana, 185 kwa 120, na kwa anayenunua umeme wa LUKU hilo si jambo dogo.

Kabla ya hapo, hata fremu kwa sekunde zilikuwa zimeanza kuangaliwa upya. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report alionyesha kwamba wastani unaficha mambo: kadi inaweza kutoa fremu 60 kwa sekunde, ilhali katikati kuna fremu moja iliyochelewa sana, na jicho likaona mkwamo. Akapima muda wa kila fremu kwa milisekunde. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote, kwa sababu yalirudisha kipimo kwa mtu anayetazama skrini.

Sasa swali la GB limerudi, na safari hii lina haki. Hivi karibuni binti anayetengeneza katuni kwa Blender aliniuliza: "Kaka, 3060 au 4060?" RTX 3060 ya mwaka 2021 ina GB 12, njia ya biti 192 na kasi ya GB 360 kwa sekunde. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina GB 8, njia ya biti 128 na GB 272 kwa sekunde. Kwenye gemu, ile mpya hushinda, kwa sababu ina akiba kubwa ya ndani, MB 24 za kashe dhidi ya 3, na inakula wati 115 badala ya 170. Lakini inatumia mistari minane tu ya sloti, na kompyuta yake ilikuwa ya PCIe 3.0, ambako mistari hiyo hupitisha nusu ya data ya kizazi kilichofuata. Nikamwomba afungue mradi wake mzito kuliko yote tutazame memori inayotumika. Ilikuwa imepita GB 8 kabla hata hajaweka mandhari ya nyuma.

Alichukua 3060, nami nikambadilishia pawasaplai kwanza.