Nzi Aliyenisahihisha

Fildi ya mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari Mbinga. Wenzangu walinionea huruma kwa sababu ya baridi. Mimi nikacheka tu, maana kwetu ni Mbamba Bay, kule chini ziwani, na Mbinga ni njia yangu ya kila likizo. Baridi ya Umatengoni naijua. Sikujua kwamba ningekwenda kuaibishwa na ulimi.

Somo lilikuwa baiolojia, kidato cha tatu, mada ya milango ya fahamu. Nilikuwa na desa langu la tangu nikiwa kidato hicho hicho, lenye mchoro wa ulimi uliogawanywa kama ramani ya mikoa: utamu kwenye ncha, chumvi pembeni, uchachu nyuma yake, uchungu kule karibu na koo. Nikauchora ubaoni kwa chaki za rangi. Kisha nikagawa chumvi kidogo wajaribu wenyewe, kwa sababu chuoni tunaimbiwa kila siku kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mimi chumvi naisikia hata hapa mbele?" Wengine wakaanza kunong'ona, "hata mimi, hata mimi." Nikatazama saa. Nikatazama ubao. Halafu nikasema maneno ambayo mpaka leo yananikera:

"Uliza kwa Kiingereza."

Akafungua mdomo, akaufunga, akakaa. Darasa likatulia kimya, nami nikaendelea na ramani yangu. Supavaiza aliyekuwa ameketi nyuma akaandika kwamba nalimudu darasa.

Kiukweli nilijua nilichofanya. Sikuwa na jibu, nikajificha nyuma ya lugha. Usiku ule nilionja chumvi mwenyewe, ncha ya ulimi, pembeni, nyuma. Ilisikika kote. Nikaingia kwenye simu kusoma. Kumbe mwaka 1901 mwanasayansi wa Ujerumani, Hänig, alipima ulimi akakuta tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard alizichora upya tofauti hizo kwenye kitabu chake kwa namna iliyozifanya zionekane kubwa, na watu wakazigeuza mipaka. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima tena: kila sehemu yenye vionja ladha inahisi ladha zote. Yaani yule binti alikuwa sahihi, na jambo lenyewe lilishajulikana miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Ijumaa nikateremka nyumbani. Mama alikuwa akianika dagaa, mimi nimekaa barazani na chai. Nzi akatua mezani. Akatembea juu ya kipande cha ugali mkavu bila kusimama, akafika kwenye tone la chai yenye sukari. Alipolikanyaga tu, akasimama na kushusha mrija wake wa mdomo. Nikakumbuka mhadhara niliousikiliza huku nasinzia: nzi anaonja kwa miguu. Miguuni ana vinywele vyenye tundu nchani, na ndani yake kuna neva za kutambua sukari, chumvi na vitu vichungu. Kipepeo jike naye hulipigapiga jani kwa miguu kabla ya kutaga, kuhakikisha kwamba ni mmea ambao watoto wake wataweza kuula.

Nikasema, hapa nimepata maabara.

Jumatatu niliingia darasani na nzi watatu. Nilikuwa nimewanasa tangu jana yake na kuwaacha na njaa, nikawagandisha mabawa kwenye njiti za kiberiti kwa nta ya mshumaa, miguu ikining'inia. Kwanza tuliwapa maji wanywe mpaka watosheke, ili tusidanganywe na kiu. Kisha tukagusisha miguu yao kwenye pamba yenye maji matupu. Kimya. Tukahamia pamba yenye maji ya sukari. Mrija ukashuka hapo hapo, na darasa likalipuka. Tukakoroga chumvi nyingi kwenye yale maji ya sukari, tukajaribu tena. Safari hii mrija haukushuka.

Nilikuwa nimewaambia waseme kwa lugha yoyote, Kiingereza tutakiweka mwishoni tukiandika. Maswali yalikuja mpaka nikasahau kengele. Kuku je, mbona anakula pilipili kichaa bila shida? Kwa sababu ndege hawausikii ule ukali, na ukali wenyewe si ladha, ni hisia ya kuungua. Paka? Paka hasikii utamu wa sukari kabisa, kinasaba cha kupokea utamu kwake kimeharibika. Kijana mmoja wa Liuli akauliza habari za kambare. Hapo nikajidai mtu wa ziwani: sharubu zake zina vionja ladha, ndiyo maana anaweza kutafuta chakula kwenye matope na usiku, pasipoonekana kitu.

Kabla ya kufunga kipindi nikachora tena ile ramani ya ulimi, nikaikata msalaba mkubwa. Nikasema, "Wiki iliyopita niliwafundisha hii. Si kweli. Mwenzenu aliniambia, sikumsikiliza, tena nikamnyamazisha. Nakuomba radhi." Nikamtazama. Darasa zima likageuka kumtazama.

Akasimama, safari hii bila kunyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kwenye mtihani tuandike ipi?"

Hilo swali, ndugu zangu mnaojiandaa kwenda kushika chaki, halikuwemo kwenye andalio langu la somo. Yapo madesa mengi yenye ile ramani, na huenda anayesahihisha naye alikaririshwa hivyo hivyo. Nikamwambia aandike alichokionja, na kwamba akikoswa kwa sababu yangu anitafute, tutakwenda pamoja kuuliza.

"Sawa," akasema. "Ila mwalimu, siku ile ningeweza kuuliza kwa Kiingereza. Nilidhani tu hutaki."

Akakaa. Kengele ikalia. Nikabaki nakusanya njiti zangu za kiberiti.