Sarufi ya Amri

Katika lugha zote nilizopata kujifunza, sijaona iliyo na maneno machache na masharti mengi kama lugha ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na sikudhani kwamba baada ya kuvuka umri wa miaka arobaini nitarudi kuwa mwanagenzi. Haja ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa na insha 312 za wanafunzi, kila moja katika faili lake, na nilitaka kujua ni maneno gani yanayozitawala. Kuyahesabu kwa jicho na kalamu kungalichukua miezi. Kumwomba mwingine anihesabie kungalinifanya nimtegemee yeye katika jambo la lugha yangu mwenyewe.

Kazi hii haina picha wala vitufe vya kubofya. Mbele ya mtu pana dirisha tupu na alama moja, aghalabu $, inayongoja neno. Programu inayolipokea neno na kulipeleka likatekelezwe huitwa ganda, kwa kuwa imekizunguka kiini cha mfumo kama ganda la yai linavyozunguka kiini chake. Wengine wangependa kuiita sheli, lakini jina hilo mijini kwetu limekwisha kupewa kituo cha mafuta. Ganda la kwanza la mfumo wa Unix liliandikwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell huko Marekani, likatoka mwaka 1971. La Stephen Bourne likafuata mwaka 1979. Na mwaka 1989 Brian Fox akatoa lile liitwalo Bash, ambalo wanagenzi wengi hukutana nalo hata leo.

Sarufi ya ganda ni sarufi ya kuamuru. Kitenzi huja mbele, hakina nafsi wala wakati. Nyuma yake hufuata namna ya kutenda, kisha kitendwa. Kiswahili nacho kina amri tupu, "soma", "leta", lakini mtu mwenye adabu hukimbilia "usome" na "naomba ulete". Ganda halina mlango huo wa adabu. Ukiliandikia rm na jina la faili, faili hufutwa papo hapo, wala haliwekwi kapuni ungoje kulijutia. Na likisha kutenda uliloagiza, hunyamaza. Kwetu kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa ganda kimya ni habari njema.

Nafasi kati ya maneno nayo ina hukumu yake. Faili likiitwa Barua za Pwani.txt, sisi tunaona jina moja. Ganda linaona majina matatu, nalo litatafuta Barua, na za, na Pwani.txt, kila moja peke yake. Ili jina libaki moja lazima lifungwe kwa alama za kunukuu. Ukiandika jina=Asha, ganda hulihifadhi neno Asha chini ya jina hilo; ukiacha nafasi kando ya alama ya usawa, litadhani "jina" ni amri, na litakujibu kuwa halijaisikia. Ganda halisomi nia, linasoma herufi.

Uzuri wake mkubwa ni bomba, alama | inayopitisha matokeo ya amri moja kuwa chakula cha amri nyingine. Doug McIlroy alilipendekeza wazo hilo mwaka 1964, akilifananisha na mipira ya kumwagilia bustani inayoungwa mmoja kwa mwingine. Katika Unix likatimizwa mwaka 1973. Kwa mabomba mtu huweza kuhesabu maneno ya kitabu kizima kwa mstari mmoja:

tr -cs A-Za-z '\n' < insha.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head -20

Amri ya kwanza huondoa kila kisicho herufi na kuliweka kila neno katika mstari wake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Ya tatu huyapanga maneno. Ya nne huyahesabu yaliyo sawa, lakini huyaona yale tu yaliyokaa jirani, ndiyo maana kupanga kumetangulia. Ya tano huyapanga upya kwa wingi wake, na ya sita hutoa ishirini ya mbele. Mwaka 1986 Donald Knuth aliandika programu ya kurasa kadhaa kwa kazi ya namna hii, naye McIlroy, aliyeombwa kuihakiki, akaonyesha kuwa mstari wa amri sita watosha.

Walakini mstari huo ulizaliwa katika nyumba ya Kiingereza, na sisi tuna herufi ambayo nyumba hiyo haikuijua. Hiyo ni ng'. Kwa amri ya kwanza, kile kikoma cha juu si herufi, kwa hiyo hukatwa. Ng'ombe huchinjwa vipande viwili, "ng" na "ombe". Kung'oa huwa "kung" na "oa". Mwanafunzi wangu mmoja aliletewa orodha ya maneno ya maandishi ya kilimo, iliyotengenezwa na fundi hodari asiyejua Kiswahili. Neno "oa" lilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Kijana alikwisha kuanza kuandika sura ya tasnifu juu ya nafasi ya ndoa katika maisha ya mkulima. Tulipoyafungua maandishi yenyewe hatukuona harusi hata moja. Tuliona watu wanang'oa magugu, wanang'oa visiki, wanang'oa mihogo.

Dawa yake ni ndogo: mahali pa A-Za-z pawekwe "A-Za-z'", na kabla ya hapo vikoma vilivyopinda vya wapiga chapa vigeuzwe kuwa vilivyonyooka. Lakini dawa hiyo haitatoka kwa asiyejua kuwa pana ugonjwa.

Hata katika kutafuta neno herufi hii ina vituko. Mtu akiandika grep ng'ombe insha.txt, ganda hudhani kikoma kimefungua nukuu, nalo hukaa linangoja ifungwe. Huo ni usumbufu tu. Hatari ni neno ng'ang'ania. Lina vikoma viwili. Ganda huona nukuu imefunguliwa na kufungwa, huvimeza vyote viwili, kisha hutafuta "ngangania", neno lisilokuwamo. Halilalamiki. Hurudi mikono mitupu, na mtafiti mwepesi huandika kwamba neno hilo halikutumika. Neno lote lifungwe katika nukuu pacha, nalo litapatikana.

Liko na jambo lililo zito zaidi. Kwa ganda, "anasoma", "walisoma" na "hawatasoma" ni maneno matatu yasiyojuana. Mwanafunzi wa lugha anajua ni mzizi mmoja. Akitafuta "som" atawapata hao wote, pamoja na msomi na masomo. Lakini atapata na "somba" na "Msomali", wasiohusika. Hapo hakuna amri ya kumwokoa. Itamlazimu aijue sarufi ya Kiswahili, aieleze kwa alama ambazo ganda linazifahamu, kisha ayapitie matokeo kwa macho yake.

Amri zikisha kuwa nyingi huandikwa katika faili moja, na faili hilo ndilo skripti. Mstari wake wa kwanza hutaja ganda litakaloisoma, #!/bin/bash, kisha mwandishi huipa ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod u+x. Ndani yake, amri ya for huchukua faili moja baada ya jingine na kuzifanyia zote kazi ile ile. Insha zangu 312 zilihesabiwa kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Si wepesi huo ninaousifu zaidi. Skripti ni shahidi. Anayesema neno fulani limetokea mara 400 huomba aaminiwe. Anayeiambatisha skripti yake humpa msomaji uwezo wa kuihakiki hesabu, na kuona kama ng'ombe alichinjwa njiani. Kwa sababu hiyo sasa nawataka wanafunzi wangu, kila waletapo hesabu ya maneno, walete pamoja nayo amri zilizoizaa. Lugha yetu imeanza kuhesabiwa na mashine, na haitangoja idhini yetu. Hesabu itakuwa ya kweli pale tu ambapo mwenye lugha amekaa mbele ya ile alama ya $, akaijua amri, na hajaisahau sarufi.